Chambo cha Kambare wa Mzazi

Mtoto wetu wa kwanza aliishi siku tano. Sitasema mengi juu yake, ila nataka hilo lijulikane mapema, maana bila hilo mtu atanicheka tu kwa niliyoyafanya alipozaliwa wa pili, na mimi kuchekwa sijazoea mpaka leo.

Wa pili alizaliwa Ijumaa alfajiri, mwezi wa saba, katikati ya miaka ya tisini, wakati Mpanda bado ni wilaya ya mkoa wa Rukwa na asubuhi za mwezi huo zinauma masikio. Alizaliwa hospitali, mzima, mwenye sauti kubwa. Jumamosi tulirudi nyumbani Misunkumilo. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na uani palikuwa na kibanda nilichofanyia kazi, kwa kuwa mimi ni seremala. Chumbani wakalala mke wangu, mtoto, na mama mkwe aliyekuja kutoka Katumba kumtunza mzazi. Mimi nikahamia kibandani, juu ya mbao za mninga, na sikulalamika. Hilo ndilo jambo pekee ambalo sikulilalamikia wiki ile.

Mama mkwe alikuwa Mrundi, mimi ni Mkonongo, na kwa pande zote mbili mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni wala hawakai chumba kimoja. Tulisemezana kupitia pazia la mlango. Nikitaka kumwona mke wangu nilikohoa, naye mama mkwe alijifunika kanga kichwani, akatoka kwa mlango wa uani, akasubiri jikoni mpaka nimalize. Ni utaratibu mzuri kwa mwanamume anayeingia mara mbili kwa siku. Mimi niliingia kila robo saa.

Maziwa yalikuwa hayatoki. Nesi alituambia tumweke mtoto kwenye ziwa, avute hivyohivyo, maziwa yatakuja siku ya pili au ya tatu, na tusimpe kitu kingine. Maneno hayohayo tuliambiwa kwa yule wa kwanza. Nilisimama kando ya kitanda nikitazama taya ile ndogo inavuta, inaacha, inalia.

"Yametoka?" nilimuuliza mke wangu.

"Bado."

Nilirudi kibandani, nikapiga randa mara tatu, nikaja tena. "Sasa je?"

"Bado, baba."

Nilihesabu kwa vidole. Ijumaa moja, Jumamosi mbili, Jumapili tatu. Jumanne ndiyo ingekuwa ya tano. Nilikuwa na hofu, na mimi nikiwa na hofu mdomo wangu hutoa hasira, ndivyo nilivyoumbwa. Jumapili asubuhi nilipandisha sauti kabisa. Nilimwambia mke wangu hamshiki mtoto vizuri, uji hamalizi, na kwamba amelala tu kama mtu asiyejua kinachotungoja. Mtoto alishtuka akaangua kilio, na mama yake naye machozi yakamtoka.

Nikasikia hatua za mama mkwe zinatoka jikoni. Zilikomea nyuma ya pazia.

"Mkwe," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini siku zote. "Huyu anataka supu ya kambare."

"Kambare?"

"Kambare mbichi, wa leoleo. Mkubwa, mwenye ndevu zote. Ukimleta huyo, maziwa yatashuka."

"Nakwenda kununua sokoni sasa hivi."

"Oya," alikataa kwa Kirundi. "Wa sokoni amelala. Avuliwe na baba wa mtoto kwa mkono wake."

Tangu Ijumaa hakuna mtu aliyekuwa amenipa jambo la kufanya kwa mikono. Sikuuliza hata swali moja. Nilichukua jembe nikaenda nyuma ya bafu, pale maji ya kuogea yanapotiririkia, nikachimba nyungunyungu. Kiangazi kimeshika, ardhi imekauka, wamezama chini sana. Nilipata saba, wembamba. Nikawatia kwenye kopo pamoja na udongo kidogo, nikafunga ufito na mshipi kwenye baiskeli, nikashika njia ya bwawa la Milala.

Nilivua tangu utotoni, baba alinifundisha, na sikuhitaji kuambiwa kwamba kambare wa mwezi wa saba ni mvivu. Maji yakiwa baridi analala kwenye tope chini ya matete na hataki kujisumbua. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Nilitupa ndoana, na perege wadogo wakawamaliza nyungunyungu wangu mmoja mmoja, wanadokoa pembeni, wanakimbia. Nilipata perege wanne, wawili wakubwa kiasi. Saa sita nilirudi nao nyumbani nikiwa nimewatunga kwenye unyasi, nikijiambia kwamba samaki ni samaki.

Niliwapitisha chini ya pazia. Wakarudishwa.

"Hawa si kambare, mkwe."

"Mama, kambare hali! Ni baridi!"

"Basi mtafutie anachokula."

Nilitaka kuingia. Nilikohoa, nikaingia, nikasimama kando ya kitanda. Mtoto alikuwa amelala, lakini nilipouliza kama yametoka aliamka, akatafuta ziwa, akavuta, akalia. Mke wangu alinitazama kwa macho ambayo wakati ule niliyaona ya mgonjwa.

"Nenda," alisema. "Nenda katafute."

Jirani yetu wa upande wa Kakese alikuwa mama wa Kisukuma, mtu mzima, mwenye zizi la ng'ombe na lundo la samadi lililopita kimo changu. Nilishawahi kuwaona wachungaji wa kwake bwawani wakivua kwa mabuu makubwa meupe, yenye kichwa cha kahawia, yaliyojikunja. Sisi maseremala hatupendani na mabuu. Buu kwangu lilikuwa kitu kinachotafuna mbao ya mteja na kuniachia unga sakafuni; nikiliona naliponda. Sasa nilikwenda kuliomba kwa heshima zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mbona unahema?"

Nikamweleza. Akaguna, akachukua jembe la mpini mfupi.

"Usitie mkono," aliniambia. "Humo ndani kuna joto, nyoka wanapapenda."

Nilidhani ni maneno ya kutisha wageni. Alikata samadi kwa chini, akageuza bonge, na hapo yakaonekana mayai ya mviringo mrefu, meupe, laini, yamegandana, labda kumi. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kwenda. Niliurudisha mfukoni, nikasimama mbali, nikamwacha yeye achimbe, na sioni aibu kulisema. Mabuu yalikuwa upande wa pili wa lundo, manene kama kidole gumba. Alinipa kumi na mawili ndani ya kopo na kunifundisha nisiyatundike hivyohivyo, kwa kuwa ngozi yake hupasuka: niyachovye kwanza kwenye maji ya moto, kidogo tu, yakakamae.

"Na maziwa ya ng'ombe je, nikupe?" aliuliza.

"Nesi kakataza."

"Basi mwenye mtoto ni Mungu," alisema, akarudi kwa ndama wake.

Nilichemshia maji hapohapo kwake, nikayachovya, nikarudi bwawani jua likiwa limeanza kuinama. Buu la tatu lilivutwa. Halikudokolewa, lilivutwa, taratibu, boya likazama bila kelele. Huyo ni kambare, mtu akishamjua hamsahau. Nilingoja amalize kumeza, nikakaza, na mshipi ukawa mzito hata ufito ukapinda. Nilimwona mgongo mara moja, mweusi, mpana. Kisha mshipi ukakatika, nami nikakaa chini kwenye tope kwa matako.

Yaliyobaki waliyala perege. Nilirudi nyumbani jua likizama, mikono mitupu, nimepaka tope mpaka mgongoni. Kutoka barabarani sikusikia mtoto akilia, na hilo likanitia hofu, nikaanza kuita kabla sijafika mlangoni. "Vipi huko? Vipi? Amenyonya?" Nikasikia kilio kinaanza. Nikakohoa, nikaingia, nikamkuta mke wangu amekaa kitandani anajifunika kifua haraka, na mtoto mikononi anajinyonganyonga.

"Yametoka?"

Mama mkwe alijibu kutoka jikoni.

"Kambare, mkwe."

Sikupata usingizi. Asubuhi ya Jumatatu, siku ya nne, nilikuwa nimeshaamua jambo ambalo sikupaswa kuliamua.

Baba yangu alikuwa mtu wa nyuki, kama Wakonongo wengi wa umri wake, na aliponiachia dunia aliniachia pia mzinga mmoja wa gome huko porini, juu ya mti wa mtundu. Mingine ilioza au iliibwa. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba kambare wa baridi hafuati kinachotembea, anafuata harufu, na hakuna harufu inayomtoa kwenye tope kuliko sega lenye watoto wa nyuki, wale weupe waliofungiwa kwenye vitundu kabla hawajaota mbawa. Unalikanda sega na watoto wake pamoja, nta inashika, unaongeza ugali kidogo, unafunga donge kwa uzi kwenye ndoana. Aliniambia hayo akanionya papohapo. Katika ukoo wetu mwanamume ambaye kitovu cha mtoto wake hakijadondoka hafungui mzinga. Nyuki nao wana watoto, alisema, na hawapendi mwenye mtoto mchanga aje kuwachukulia wa kwao.

Kitovu cha mwanangu kilikuwa bado. Niliendesha baiskeli nikibishana na marehemu baba kwa sauti. Kwa yule wa kwanza nilishika miiko yote, nilimwambia. Sikugusa mzinga, sikuua nyoka, sikula hiki wala kile, na ilinisaidia nini? Mama mmoja mwenye kuni kichwani alinipisha njia, akageuka kunitazama. Nilimwambia aendelee na safari yake.

Mzinga hufunguliwa usiku, kila mtu anajua, nyuki wakiwa wametulia. Mimi niliufungua saa tatu asubuhi kwa kuwa usiku ungekuwa mwanzo wa Jumanne. Nilifunga magome makavu nikayawasha, nikapanda mtundu na moshi mkono mmoja. Nilipofika juu niliuma meno, nikang'oa kizibo. Muungurumo uliotoka mle ndani niliusikia tumboni. Niliingiza mkono, nikapita masega ya asali bila kuyagusa, nikakamata lile la ndani lenye vifuniko vya rangi ya udongo, nikalivunja. Hapo moshi ulizimika. Sikuuzima mimi wala upepo haukuwepo.

Walinishukia wote kwa pamoja. Wa kwanza alinichoma kope, wa pili mdomo, baada ya hapo sikuhesabu. Sikushuka ule mti, nusu yake nilianguka, sega nimelikumbatia kifuani, nikakimbia porini nikipiga kelele ambazo seremala mwenye heshima zake hapigi. Nilipoacha kukimbia jicho la kushoto lilikuwa limefunga na mdomo umevimba hata meno sikuyahisi. Nikafungua mkono. Sega lilikuwepo, na watoto wa nyuki walikuwa wanajongea polepole ndani ya vitundu vyao. Nilijisikia mwizi. Niliogopa pia, niseme kweli, niliogopa kwamba nimekwenda kuchukua uhai wa wadogo mahali fulani na mahali fulani utachukuliwa wa kwangu. Hata hivyo nililikanda.

Bwawani nilichagua mahali matete ni mazito, na mahali hapo pana viboko. Niliwaona watatu kwa mbali, masikio tu. Nikaingia maji ya magoti, maana ufito haukufika penye kina, nikatupa donge la kwanza. Nikangoja. Jua likapanda, likasimama, likaanza kushuka. Uso ulinipwita wote. Donge la kwanza likayeyuka, nikafunga la pili. La pili likadokolewa, nikafunga la tatu, nalo lilikuwa la mwisho. Kila baada ya muda nilisikia mtoto analia, halafu nikagundua ni ndege.

Boya lilizama alasiri. Safari hii mshipi nilikuwa nimeukunja mara mbili, nikasubiri, nikakaza, na nikajua nimempata hasa. Alikimbilia kwenye matete akajizungusha humo. Nikivuta nitakata. Ikabidi nimfuate, maji yakanifika mapajani, nikiupapasa mshipi kwa mkono mmoja kuelekea alipo.

Hapo ndipo kiboko alipoibuka, kati yangu na kina, labda hatua kumi na tano. Alitoa pumzi. Nilihisi rasharasha yake usoni. Hakufungua mdomo wala hakusogea, alinitazama tu kwa macho yale madogo. Kila mtu wa Milala anajua la kufanya: unaacha kila kitu, unarudi kinyumenyume, taratibu. Nilikuwa na mshipi mkononi na upande wa pili wa mshipi kulikuwa na maziwa ya mwanangu. Sikurudi. Nilisimama na jicho langu moja, nikawa nauvuta mshipi inchi kwa inchi chini ya maji, nauzungusha kiganjani, na wakati huo nilikuwa naomba kwa majina yote niliyofundishwa. Sijui ilichukua muda gani. Kidole changu kiligusa ndevu, kisha kichwa kipana, baridi. Nilimshika kwenye shavu, nikaingiza vidole, nikamkumbatia, nikaanza kurudi kinyumenyume. Kiboko akazama. Hiyo ndiyo iliyonitisha kuliko yote, maana sikujua atatokea wapi, na hatua saba za mwisho nilizikimbia nikianguka na kuinuka.

Alikuwa kambare wa urefu wa mkono wangu mzima, mwenye ndevu zote nane. Nilimfunga kwenye baiskeli akiwa anapiga mkia. Nililia njia nzima, jicho moja tu likitoa machozi, lile lingine halikuweza.

Nyumbani palikuwa kimya. Kimya kile nilikuwa nakijua. Kilikuwa kile cha siku ya tano, na hii ilikuwa ya nne. Niliacha baiskeli ianguke. Sikukohoa. Nilikamata kambare kwa shavu, nikavuta pazia, nikaingia.

Mke wangu alikuwa amelala ubavu, macho yamefumba nusu. Mtoto alikuwa kifuani ananyonya, nasikia anavyomeza, na maziwa yanamtoka pembeni ya mdomo, yanatiririka mpaka kwenye shuka. Shuka lote upande ule lilikuwa limelowa. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda, kichwa wazi. Tulitazamana usoni, mara ya kwanza tangu nioe. Alivuta kanga polepole akajifunika, lakini hakutoka.

"Tangu lini?" niliuliza. Kwa mdomo ule sauti ilitoka ya chini, haikuwa na namna.

"Tangu jana," mke wangu alisema. "Ulipotoka tu mchana yakaanza. Uliporudi yakakata. Leo tangu ulivyoondoka asubuhi hayajakata."

Nikainua kambare. "Lakini huyu..."

Hapo nikakumbuka. Watu wa kanisa la mama mkwe, wanaosali Jumamosi, hawali samaki asiye na magamba. Mke wangu amelelewa hivyo. Miaka mitatu alikuwa hajawahi kupika kambare katika nyumba yangu, na mimi nimelalamika mara ngapi juu ya jambo hilo! Mtu yeyote wa mtaani angelikumbuka. Mimi niliambiwa kambare, nikakimbia.

"Perege ungempata kwa saa moja ukarudi," mama mkwe alisema kutoka ndani ya kanga. "Nilitaka samaki wa kukuweka huko kutwa nzima. Unisamehe, mkwe. Huyu mtoto wangu ukimsimamia, mwili wake unafunga."

Hasira ilinipanda kutoka kwenye nyayo. Nilitaka kumwambia juu ya nyuki, juu ya kiboko, juu ya mwiko wa baba yangu, nimwambie kwamba ningeweza kufa kwa ajili ya samaki ambaye hakuna wa kumla. Nilivuta pumzi nianze. Mtoto akaacha kunyonya. Alikaa hivyo, mdomo wazi, ngumi imekunjwa, na sote watatu tukamtazama. Nikafumba mdomo. Baada ya muda akalitafuta tena ziwa, akalipata, nikasikia anameza.

Kwa yule wa kwanza mama mkwe hakuwepo. Tulikuwa wawili tu, na mimi nilisimama kando ya kile kitanda siku tano, mchana na usiku, sikuondoka hata kwenda kibandani. Nilikuwa najisifia hilo. Niliwaambia watu kwenye msiba kwamba sikumwacha hata dakika.

"Na yule wa kwanza?" nilimuuliza mke wangu.

Hakunitazama. Alimpangusa mtoto mdomo kwa ncha ya kanga.

"Yule alikuwa na homa," alisema. "Homa kali."

Alilisema haraka, na sijamuuliza tena mpaka leo, ingawa watoto wamekua na huyu wa kambare ana wa kwake. Nilitoka nikampelekea kambare yule mama wa Kisukuma, akashukuru, akaniuliza uso umefanywa nini. Nikamwambia nyuki.

Kesho yake, Jumanne, siku ya tano, niliamka kabla yao. Nilichukua ufito nikaenda bwawani bila chambo chochote, nikakaa huko mpaka jua likazama.